Vidonge vya Babu na Timu ya Kamba

Kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kujisifu, cherehani ya Babu ilikuwa imeshaanza kulia kwenye chumba cha mbele. Babu alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, ya zamani kuliko hata mama yake Nanga, mjukuu wake. Kazi ya Nanga asubuhi ilikuwa ndogo, lakini bila yeye hakuna kilichoshonwa. Yeye ndiye aliyetunga uzi kwenye sindano.

"Macho yangu yanamwona kila anayepita mtaani," Babu alizoea kusema, "lakini tundu la sindano linanificha makusudi."

"Labda unalidai, Babu," Nanga alijibu, akilamba ncha ya uzi na kuipitisha mara moja tu.

Nanga halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na wenzake shuleni kwa sababu katika timu ya wasichana ya kuvuta kamba, yeye ndiye aliyekaa mwisho kabisa, kamba imezungushwa kiunoni, visigino vimechimba ardhi. Alikuwa na miaka kumi na miwili na miguu imara, na akishasimama pale mwisho, kumng'oa ilikuwa kazi ya kutoa jasho. Jina hilo alilipenda kuliko hata lile la kwenye daftari.

Jumamosi ya wiki ile kulikuwa na fainali. Timu yao ya wasichana wanane ingepambana na shule ya ng'ambo ya mto, ambayo ilikuwa imewashinda miaka mitatu mfululizo. Mwaka uliotangulia walivutwa vibaya mno hata kiatu kimoja kikabaki mchangani, na wale wa ng'ambo wakakirudisha kesho yake kimefungwa utepe mwekundu kama zawadi. Shule nzima ilikuwa haijasahau. Babu alikuwa amejitolea kuwashonea fulana nane mpya za rangi ya machungwa, ili, kama alivyosema, wakivutwa tena angalau wavutwe wamependeza.

Mambo yaliharibika Jumatatu. Timu ilikuwa katikati ya mazoezi, Mwalimu wa michezo anapuliza filimbi, wasichana wanaitikia "Vuta! Vuta!" Ghafla shavu la mguu wa kulia wa Nanga likakaza. Lilijikunja likawa gumu kama jiwe, na maumivu yakapanda hadi gotini. Nanga alipiga yowe, akaachia kamba, na wenzake saba wakaanguka mmoja juu ya mwingine.

"Nani ameachia?" aliuliza Redio kutoka chini ya rundo. Redio alikuwa rafiki mkubwa wa Nanga, na aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta amezimwa.

"Msuli," Nanga alisema, machozi yakimlenga. "Msuli umenibana."

Mwalimu wa michezo alimsaidia kunyoosha mguu mpaka maumivu yakapungua. Hakuwa mwalimu mkali, ila alikuwa hapendi kubahatisha. "Nanga," alisema, "ulifika umechelewa tena. Wenzako wanapasha mwili moto, wewe uko wapi? Sasa sikiliza. Mguu huu ukikubana tena wiki hii, Jumamosi mwisho wa kamba atakaa mwingine."

Maneno hayo yalimchoma Nanga kuliko mguu. Aliporudi nyumbani alikaa kwenye kigoda karibu na cherehani, akanuna.

"Kulikoni, bibi yangu mdogo?" aliuliza Babu.

"Msuli umenibana, Babu."

Babu alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Akamtazama mjukuu wake juu ya miwani. "Ulete basi niupanue. Ila tangu lini wasichana wa shule wanavaa msuli?"

Nanga alijaribu kubaki amenuna lakini kicheko kilimshinda. "Si msuli wa kuvaa, Babu! Huu wa mguuni!"

"Aa! Huo sasa si wa mkasi." Babu naye alicheka mpaka miwani ikateleza. "Huo naufahamu. Mwezi uliopita ulikuwa unanikamata hapa hapa, mguu juu ya kanyagio. Naita mama yako, mama yako anadhani nimechomwa na sindano."

Kisha akamweleza. Alikwenda zahanati, wakampima damu, wakakuta mwili wake umepungukiwa na madini fulani yanayoitwa magnesiamu. Daktari alisema huenda ni kwa sababu ya dawa anazotumia kwa ajili ya shinikizo la damu, zile zinazompeleka chooni kila mara.

"Madini?" Nanga alishangaa. "Kama dhahabu?"

"Ningekuwa na dhahabu mwilini, mama yako angekuwa ameshaniweka rehani. Tazama." Babu alifungua kichupa kirefu cha plastiki, akatoa kidonge cheupe kikubwa na kukidondosha kwenye glasi ya maji. Kidonge kikachemka kwa sauti, mapovu yakapanda, na harufu ya limau ikajaa chumbani. "Soda ya daktari hii. Kimoja kwa siku. Tangu nianze, miguu imetulia."

"Nipe na mimi, Babu. Kimoja tu."

Babu alikunywa glasi yote kwanza, akajifuta midomo. "Hapana. Hii imeandikwa jina langu. Wamenipima mimi. Mguu wako haujapimwa na mtu. Ijumaa mama yako hana zamu kazini, atakupeleka zahanati ukaulizwe vizuri."

Ijumaa! Nanga aliona Ijumaa iko mbali kama mwaka kesho. Jumanne jioni, alipokuwa akijizoesha peke yake kwa kamba aliyoifunga kwenye nguzo ya nyuma ya nyumba, mguu ukambana tena. Safari hii hakupiga yowe. Alijiuma kidole mpaka ukaachia, akaingia ndani akitabasamu, na hakumwambia mtu.

Asubuhi ya Jumatano, Babu alipotoka kwenda kuchagua vifungo dukani, Nanga alikichukua kile kichupa. Ndani vilikuwa vimebaki vidonge kumi na sita. Alivihesabu mara mbili, na moyo ukamdunda kwa furaha. Wasichana nane, miguu kumi na sita! Kidonge kimoja kwa kila mguu. Aliona hata hesabu zenyewe zimemkubalia, na mtu ambaye hesabu zimemkubalia hasikii ushauri tena.

Wakati wa mapumziko ya mchana, timu ilikula mwisho kama kawaida, kwa sababu Mwalimu wa michezo alikuwa na kikao kifupi nao kwanza. Mpishi wa shule, mama mnene mcheshi ambaye wanafunzi wote walimwita Shangazi, aliwakombea maharage ya mwisho kwenye sufuria na kuwaongezea kila mmoja upawa mzima. "Kuleni, wanangu," alisema. "Kamba haivutwi na tumbo tupu." Walipomaliza, Nanga akaleta dumu la maji ya timu. Alikuwa ameshatia vidonge vyote kumi na sita.

Redio alionja, akapiga ulimi. "Hee! Nani katia limau?"

"Maji ya ushindi hayo," alisema Nanga. "Kunyweni yaishe."

Nani angekataa maji matamu siku ya jua? Waliyanywa yakaisha, na Redio akalamba kifuniko.

Somo la kwanza baada ya chakula lilipita salama. Katika la pili, tumbo la mvutaji wa tatu likanguruma kwa sauti iliyomfanya mwalimu wa historia ageuke kutoka ubaoni na kuuliza nani amesogeza dawati. Kufika saa ya mazoezi, wasichana wote wanane walikuwa kimya, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake.

"Kamata kamba!" aliamuru Mwalimu wa michezo. Wakaikamata. "Tayari!" Wakachuchumaa, na hapo ndipo lilipokuwa kosa. Kabla filimbi haijalia, mvutaji wa kwanza aliachia kamba akakimbia. Akafuata wa tatu. Kisha Redio, akipiga kelele, "Nipisheni! Nipisheni!" Mwisho Nanga naye, nanga ya timu, aling'oka bila kuvutwa na mtu. Vyoo vya wasichana vilikuwa vitatu na wao walikuwa wanane. Hesabu hiyo haikumkubalia mtu. Mwalimu wa michezo alibaki uwanjani peke yake na kamba ndefu chini, filimbi bado iko mdomoni.

Ingeishia hapo, ingekuwa hadithi ya kuchekesha tu. Lakini wasichana wanane kuharisha kwa pamoja si jambo la mzaha kwa Mwalimu mkuu. Wote walikuwa wamekula maharage ya mwisho ya sufuria. Alhamisi asubuhi, mbele ya mstari, alitangaza kwamba mpishi atakaa kando na jiko halitawaka mpaka muuguzi wa zahanati afike kulikagua.

Nanga alimwona Shangazi amekaa kwenye benchi nje ya jiko. Aproni yake ilikuwa imekunjwa vizuri mapajani. Wanafunzi wa madarasa ya chini waliochelewa mstari walipita wakinong'onezana, na mmoja akaziba pua. Shangazi hakumkemea. Alitazama mikono yake, akaigeuza, kana kwamba anatafuta uchafu ambao hakuukumbuka.

"Mimi sijawahi kumpenda mtu anayetulisha vibaya," alisema Redio, ambaye uso wake ulikuwa bado umesinyaa. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini miaka yote sita hajawahi kutulisha vibaya."

Nanga alianza kupiga hesabu upya. Akisema ukweli, Mwalimu wa michezo atajua kwamba mguu ulibana tena Jumanne, na mwisho wa kamba ataupoteza. Wenzake watamchukia. Akinyamaza, Jumamosi ataifunga kamba kiunoni na hakuna atakayejua. Kimya tu, siku mbili. Alimtazama tena Shangazi. Mama yule alikuwa ameanza kuikunjua aproni na kuikunja upya, mara ya tatu.

Nanga akatoka kwenye mstari. Miguu ilimpeleka mwenyewe hajui, mpaka akajikuta mbele ya Mwalimu mkuu. "Si maharage, Mwalimu," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, akaikohoa ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Si Shangazi! Ni mimi! Nilitia dawa ya Babu kwenye maji!"

Uwanja mzima uligeuka kumtazama. Hata Redio alizimika.

Muuguzi alipofika na begi lake, hakukuta kesi ya jiko. Alikuta wasichana wanane wamekaa kwenye benchi la darasa tupu, Mwalimu mkuu amefunga mikono kifuani, na Nanga akishika kichupa kitupu. Alikisoma, akawaangalia mmoja mmoja, akapima mapigo ya moyo, akauliza kama kuna yeyote mwenye ugonjwa wa figo. Hakuna. Hapo ndipo alipopumua.

"Mshukuru Mungu," alisema. "Mngekuwa na mwenzenu mwenye figo mbovu, leo tungekuwa tunazungumza mengine, na bila kucheka. Figo ndizo zinazotoa madini yaliyozidi. Zikishindwa, madini hayo hayo yanaweza kuvuruga mapigo ya moyo." Aliketi kwenye dawati, miguu ikining'inia kama mwanafunzi. "Nyie mlikuwa na bahati. Mwili wenu uliona mzigo hauutaki, ukautolea mlango wa nyuma."

Redio aliguna, kisha wenzake wakaangua kicheko, hata Mwalimu mkuu akageukia dirishani mabega yakimtikisika. Nanga peke yake hakucheka.

"Lakini Babu vilimsaidia," alisema.

"Babu yako alipimwa akaonekana amepungukiwa. Ukijaza debe lisilojaa, umefanya kazi. Ukijaza lililojaa, umelowesha sakafu." Muuguzi akamgeukia sawasawa. "Haya, tuulize mguu wenyewe. Jana kabla ya hayo maji yako ya ushindi, ulikuwa umekunywa maji vikombe vingapi?"

Nanga alifikiri. "Kimoja."

"Cha maji?"

"Cha chai."

"Na siku nyingine?"

"Hivyo hivyo. Sipendi kuomba ruhusa ya kwenda chooni wakati wa somo. Wanacheka."

"Mazoezi je?"

Ikabidi yote yatoke. Kwamba kila jioni alijivuta peke yake kwenye nguzo mpaka miguu inatetemeka. Kwamba alichelewa kupasha mwili moto kwa sababu aliona ni kazi ya wale wasio na nguvu. Kwamba Jumanne mguu ulimbana tena akaficha. Alilisema hili la mwisho akimtazama Mwalimu wa michezo aliyesimama mlangoni.

"Basi mguu wako umeshajieleza," alisema muuguzi. "Umechoka, una kiu, na hukuunyoosha. Misuli ya namna hiyo haina haja ya kidonge. Inataka maji, mapumziko na kunyooshwa. Na chakula chenye madini yake ya asili: mboga za majani, karanga, ndizi, na hayo maharage ya Shangazi mliyoyasingizia. Ukibanwa, kaa chini, nyoosha mguu, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, sugua taratibu. Ukifanya hayo yote na bado unabanwa mara kwa mara, njoo tukupime. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Muuguzi aliwakorogea maji ya chumvi na sukari ya kunywa ili kurudisha yaliyopotea. Kabla ya kwenda darasani, Nanga alikwenda jikoni. Alikuta Shangazi ameshafunga aproni, anachochea moto kwa hasira ya furaha.

"Nisamehe, Shangazi," alisema.

Shangazi aligeuka kutoka motoni. "Uliniumiza, mwanangu," alisema. "Sitakudanganya. Miaka sita nawapikia, na kwa asubuhi moja mtoto wa darasa la pili ananizibia pua." Kisha akachukua upawa. "Lakini umekuja mwenyewe. Hukuletwa kwa sikio. Nenda darasani."

Alikuwa amebaki mmoja wa kuombwa msamaha. Nanga alirudi nyumbani akitembea polepole kuliko siku zote, na kabla ya kufika alihisi kuna kitu hakiko sawa. Cherehani ilikuwa kimya.

Babu alikuwa amekaa chini sakafuni, mgongo ukiegemea ukuta, anasugua shavu la mguu kwa mikono miwili. Droo zote zilikuwa wazi. Vifungo, chaki na mabaki ya vitambaa vilikuwa vimetapakaa chumba kizima. Fulana tatu za machungwa zilikuwa tayari, na tano zilikuwa bado vipande.

"Nimetafuta dawa zangu tangu jana," Babu alisema. Hakuwa anatania. "Nimetafuta hadi kwenye mtungi. Nimeziweka wapi, mimi? Uzee umeanza kunila kichwa, bibi yangu. Leo nasahau vidonge, kesho nitasahau jina lako."

Nanga alikuwa ameandaa maneno njiani, yote yakampotea. Alianza kulia, akapiga magoti kati ya vifungo, akamweleza mwanzo hadi mwisho. Babu alisikiliza bila kumkatiza. Alipofika kwenye wasichana wanane na vyoo vitatu, ndevu za Babu zilitikisika kidogo, lakini akajizuia.

"Kwa hiyo," alisema Babu polepole, "sikusahau?"

"Hukusahau, Babu. Niliviiba."

"Kichwa changu kizima?"

"Kizima."

Babu aliinua uso akatazama dari, na kicheko kikamtoka, kikubwa, cha mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha akakikata ghafla na kumshika Nanga bega. "Usidhani nimekusamehe kwa sababu nacheka. Jana na leo nimekaa hapa najiona mtu wa kwisha. Ulinichukulia vidonge, sawa, maji yakimwagika hayazoleki. Lakini uliniacha nijitilie shaka. Hilo ndilo lililoniuma."

"Nitafanya chochote, Babu."

"Utafanya. Mama yako kesho atatupeleka wote wawili zahanati, na utamweleza daktari kwa mdomo wako vidonge vyangu vimekwenda wapi. Na sasa hivi," alinyoosha kidole kwenye fulana tano, "mimi nina mikono, sina miguu. Wewe una miguu."

Ndivyo fulana zilivyomalizika. Babu alikaa kwenye kiti chake akiongoza kitambaa, na Nanga akakaa kwenye kigoda kando yake, miguu yote miwili juu ya kanyagio. Mwanzoni alikanyaga kwa pupa na uzi ukakatika mara tatu. "Huvuti kamba hapo!" Babu alifoka. "Pole pole! Twende, simama, twende!" Baada ya muda wakapata mwendo mmoja. Kila baada ya mshono mmoja Babu alisimamisha gurudumu na kumwamuru anywe maji na kunyoosha miguu, eti fundi yeyote mwenye akili huipumzisha mashine yake. Mama alipotoka kazini aliwakuta wakiimba kwa kupokezana, chumba kimejaa rangi ya machungwa, akauliza kama kuna harusi.

Ijumaa mambo ya zahanati yalikwisha salama. Babu alipata vidonge vipya na Nanga akapata kusemwa na daktari, kipimo kamili.

Jumamosi uwanja ulifurika. Timu ilikuwa imevaa fulana mpya, na wasichana walikuwa wamepasha mwili moto mpaka wanatoka jasho, Nanga wa kwanza kufika. Lakini hakujua atasimama wapi. Tangu Alhamisi, Mwalimu wa michezo hakuwa amesema neno kuhusu mwisho wa kamba, na Nanga hakuthubutu kuuliza. Alikuwa ameshajiambia kwamba akiwekwa pembeni atashangilia kwa sauti kuliko wote, na kwamba machozi atayamwaga nyumbani.

"Leo sichagui mimi," Mwalimu wa michezo alisema, akiwakusanya. "Aliyedhulumiwa katika jambo hili hakuwa mimi." Akamwita Shangazi, aliyekuwa kwenye umati na ndoo ya maji kwa ajili ya timu. "Shangazi, nani akae mwisho wa kamba?"

Shangazi alitua ndoo. Aliwatazama wasichana wote wanane, akamfikia Nanga, akasimama hapo. Nanga aliinamisha uso.

"Mimi sijui mambo ya kamba," Shangazi alisema. "Nauliza tu. Huyo wa mwisho kazi yake ni nini?"

"Asiachie," alijibu Redio haraka. "Akiachia yeye, sote tunaanguka."

"Basi Alhamisi huyu angeweza kuachia, mimi nikaanguka peke yangu. Hakuachia. Muwekeni yeye."

Wasichana saba walipiga kelele kana kwamba wameshashinda. Nanga akamkumbatia mpishi kiunoni, mikono isikutane nyuma. "Haya, haya," alisema Shangazi, "usinivute mimi. Nenda kawavute wale."

Mvuto wa kwanza shule ya ng'ambo ilishinda. Wa pili timu ya machungwa ikashinda. Kabla ya wa tatu Nanga alikunywa maji, akanyoosha mguu wa kulia, akanyoosha wa kushoto, na hakujali nani anatazama. Filimbi ikalia. Kamba ilikaza ikatulia, haisogei mbele wala nyuma. Mguu wa kulia ulianza kutetemeka. Nanga hakuuchukia. Alipumua, akashusha kiuno, akachimba kisigino, na akamsikia Redio mbele yake akihesabu, "Moja! Mbili!" Wasichana wanane wakarudi nyuma hatua moja. Kisha nyingine. Kisha wale wa ng'ambo wakaja wote kwa pamoja, kama mlango uliofunguka, na uwanja ukalipuka.

Katikati ya vigelegele Nanga alisikia yowe alilolifahamu. Msichana wa mwisho wa kamba ya ng'ambo alikuwa chini, ameshika shavu la mguu, uso umejikunja. Mwenzake alikuwa ameshafungua pochi na kutoa kidonge cha mama yake.

"Usimpe!" Nanga alipiga kelele, akavuka mstari mbio. Akapiga magoti. "Nyoosha mguu. Vidole vivute kwako. Hivyo hivyo. Pumua. Nani ana maji?" Redio alileta kikombe. Baada ya muda msuli uliachia, na yule msichana akafuta machozi akacheka kwa aibu.

"Mmetushinda halafu mnatutibu?" aliuliza.

"Kiatu chetu mlikirudisha na utepe," alisema Redio. "Sisi tunawarudishia mguu."

Babu alikuwa ameyaona yote kutoka kwenye kiti chake cha mstari wa mbele. Timu ilipomzunguka, na wale wa ng'ambo wakachanganyika nao, aliinua mkono wakanyamaza, kwa sababu alikuwa mzee na kwa sababu fulana zilikuwa zake.

"Sikilizeni, wajukuu zangu," alisema. "Leo asubuhi nimewavika fulana nane. Zote rangi moja, kitambaa kimoja. Lakini hakuna mbili zinazolingana. Ya huyu ina mabega mapana, ya Redio fupi, ya mjukuu wangu imeachiwa kiunoni. Kwa nini? Kwa sababu nilimpima kila mmoja. Fundi asiyepima huharibu kitambaa. Na dawa ni hivyo hivyo, hata kama inachemka vizuri na kunukia limau. Hushonwa kwa kipimo cha mwenyewe. Usivae ya mwenzako, wala usimvalishe mwenzako ya kwako. Na ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajavikwa kosa lako."

"Tumesikia, Babu," walijibu wote, wa huku na wa ng'ambo.

"Vizuri. Sasa nani ataninyanyua? Nimekaa hapa tangu saa mbili, miguu imeganda."

Wasichana kumi na sita walimkimbilia kwa pamoja.